Market Harborough: kimji cha soko, bei utadhani London. Kinachouzwa ni nyumba au ni sura ya mji?

#1 Nesi_wa_Zamu
Wakuu, salaam. Wajuvi wa Uingereza njooni mnifungue macho.

Tupo Leicester, mimi nafanya kazi wodini, baba watoto anaendesha basi. Tumechoka kupanga. Rafiki akatushawishi tukaangalie nyumba Market Harborough, kama kilomita 24 kusini ya Leicester. Mji wenyewe mdogo, watu kama 25,000. Barabara kuu moja pana, kanisa lenye mnara mrefu, na pembeni yake kijengo cha mbao kimesimama juu ya nguzo. Ukimaliza kukitazama hicho umemaliza mji.

Sasa sikilizeni bei. Nyumba pacha, vyumba vitatu, bafu moja, na jiko ambalo mmoja akitaka kufungua oveni mwenzake lazima atoke nje: pauni 335,000. Dalali anatabasamu anasema hapo tunanunua na mji wenyewe. Hela hiyohiyo Corby, mji wa jirani, napata nyumba ya kujitegemea yenye gereji.

Hoja yangu: huku watu wanauziana sura. Hakuna kiwanda, hakuna chuo kikuu, hakuna hospitali kubwa. Nibishieni.

#2 Bwana_Reli
Jibu ni treni, uzi ufungwe. Unapanda Harborough asubuhi, saa moja baadaye uko stesheni ya St Pancras, London. Tena 2019 walinyoosha reli pale stesheni, ilikuwa na kona treni zinapunguza mwendo, sasa zinapita kwa kasi zaidi. Mtu ana mshahara wa London, analala mashambani. Wewe wa mshahara wa Leicester unashindana na huyo. Utashindwa.

#3 Mkamba_Northants
335,000??? Zidisha kwa shilingi ya Kenya uone. Kitengela hapo unajenga apatimenti nzima, unaweka na jina la mama yako kwenye geti.

#4 Nesi_wa_Zamu
@Mkamba_Northants nilijua utakuja na Kitengela. Na wewe mbona upo Northampton basi?

#5 Mkamba_Northants
Dada, mimi niko kazini huku. Kitengela iko moyoni.

#6 Chuma_cha_Corby
Bwana Reli #2, hiyo nadharia yako mimi nimelala juu yake na haishiki. Naishi Corby. Tuna treni ya umeme ya moja kwa moja hadi St Pancras tangu 2021, saa moja na dakika chache. Kettering nao wako kwenye reli hiyohiyo, tena wako karibu na London kuliko Harborough. Bei ya Kettering iko chini, ya Corby iko chini zaidi. Kama ingekuwa treni peke yake, Kettering ingekuwa ghali kuliko Harborough. Nieleze.

#7 Bwana_Reli
Corby ni Corby bwana.

#8 Chuma_cha_Corby
Hilo siyo jibu, hilo ni tusi 😂 Ila ndani yake kuna ukweli. Corby ilikuwa kijiji, kikaja kiwanda cha chuma miaka ya 1930, Waskoti wakahamia kwa wingi mpaka mji ukaitwa Little Scotland. Mwaka 1950 serikali ikautangaza kuwa mji mpya. Mwaka 1980 uyeyushaji wa chuma ukafungwa, watu maelfu wakabaki hawana kazi. Jina hilo la dhiki mji haujalivua mpaka leo. Mtoto wa London akisikia Corby anakunja pua, akisikia Market Harborough anaona picha ya ukutani. Kwa hiyo namuunga mkono mleta uzi: wanauziana sura.

#9 Mpima_Ramani
Mnazunguka mbuyu. Tatizo ni ardhi. Tangu sheria ya mipango miji ya 1947, mwenye shamba hawezi kujenga hata banda la kuishi bila kibali. Ekari ya kulima ina bei ya kulima. Ikipata kibali cha nyumba bei yake inaruka mara nyingi sana. Hiyo thamani haikutokana na udongo wala na mnara wa kanisa, imetokana na karatasi. Harborough imezungukwa na ukanda wa kijani usiojengwa, mji hauna pa kupanukia, bei lazima ipande.

#10 Karani_wa_Halmashauri
Mkuu #9 kwenye 1947 uko sawa, kwenye ukanda wa kijani umepotoka. Harborough haina ukanda huo. Hata Leicester haina, wao wana kabari za kijani, sera tofauti na nyepesi zaidi. Na mji unapanuka sana tu: nenda upande wa kaskazini magharibi, karibu na mfereji, uone nyumba mpya zilivyoota. Kwa hiyo kama tatizo ni kukosa nyumba mpya, hizo zinazojengwa zimefanya nini? Bei haijashuka.

#11 Mpima_Ramani
Haijashuka kwa sababu mjenzi hana haraka. Akiwa na kibali cha nyumba mia nne hazimwagi zote sokoni mwaka mmoja ajiharibie bei. Anatoa kidogokidogo. Na ukanda wa kijani nimekuelewa, lakini pembezoni kila kijiji kina kamati ya kupinga, ni yaleyale kwa jina lingine.

#12 Bibi_Mtaa_Mpya
Naishi kwenye mojawapo ya hiyo mitaa mipya, siyo Harborough lakini mkoa huohuo, nitawaambia kitu ambacho dalali hasemi.

Tulinunua kwa mpango wa serikali wa Help to Buy, ule ulioanza 2013 ukafungwa 2023. Serikali inakukopesha hadi asilimia 20 ya bei, miaka mitano ya kwanza bila riba, ilimradi nyumba iwe mpya. Tulifurahi kweli. Baadaye ndipo tukang'amua kwamba kila mnunuzi mtaani ana hela hiyohiyo ya serikali mfukoni, na mjenzi anajua. Unadhani bei aliiacha ilivyokuwa?

Halafu kuna ada ya usimamizi. Barabara ya mtaa wetu halmashauri haijaipokea, bado ni ya kampuni. Taa zao, nyasi zao, lile bwawa la kuzuia mafuriko lao. Kila mwaka barua: lipa. Ukiuliza hesabu wanakutumia karatasi yenye mistari mitatu. Na kodi ya halmashauri tunalipa kamili kama wa mjini ambao taa zao zinawashwa na halmashauri. Mwaka juzi walileta mtu akakata nyasi mara moja, akaliacha lile tuta la nyuma ya nyumba yangu, nikamuuliza akasema ramani yake inaishia kwenye uzio. Nimelikata mwenyewe. Bili ilikuja vilevile.

Nesi, ukinunua mpya muulize wakili wako swali moja kabla ya lolote: barabara hii itapokelewa lini na halmashauri, na imeandikwa wapi?

#13 Nesi_wa_Zamu
@Bibi_Mtaa_Mpya asante sana, hili sikulijua. Hii tuliyoiona ni ya zamani kidogo, ya baada ya vita. Ngoja niendelee kusoma.

#14 Mwana_wa_Jinja
Vijana hamjambo. Mimi ni mzee wa Leicester, mzaliwa wa Jinja, Kihindi changu cha nyumbani na Kiswahili cha dukani. Hapa wapo wengi kama mimi.

Tulifika 1972 baada ya Amin. Halmashauri ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kutuambia tusije, mji umejaa, nyumba hakuna. Tukaja. Nyumba za kwanza tulizonunua zilikuwa zile za mstari mmoja zilizogusana, choo nje, kwa sababu hakuna aliyezitaka. Ndugu watatu waliunganisha mishahara. Leo barabara hizohizo ni mtaa wa vito na sari, watu wanatoka mbali kuja kununua. Sasa niambieni, sura ya mji ilikuwa imepotea au ndiyo ilikuwa inatengenezwa?

Mtoto wangu ameishia Harborough. Nilimuuliza kwa nini, akasema shule na utulivu. Shule ya Robert Smyth. Huyo Smyth alikuwa mtoto wa Harborough, akaenda London akapata cheo na fedha, ndiye aliyetoa hela ya shule. Kile kijengo cha nguzo alichokiona dada ndicho shule yenyewe ya zamani, 1614. Kwa hiyo Bwana Reli, hela ya London ilifika pale kabla ya treni yako.

#15 Bwana_Reli
Mzee shikamoo. Hapo umenimaliza kiungwana.

#16 Nesi_wa_Zamu
Marahaba ya mzee naisubiri na mimi 😀 Shikamoo mzee. Na zile nguzo ni za nini? Mtoto wangu aliuliza nikakosa jibu.

#17 Mwana_wa_Jinja
Marahaba wanangu. Chini ya shule palikuwa soko la siagi. Waliiinua ili watu wa sokoni wasilowe mvua ikinyesha. Juu watoto wanasoma, chini akina mama wanauza siagi. Soko la Jumanne pale lina historia ya miaka zaidi ya 800. Barabara kuu ni pana hivyo kwa sababu soko lenyewe lilikuwa barabarani, mifugo na yote.

#18 Chuma_cha_Corby
Na leo soko lipo ndani ya jengo kando ya barabara nyingine, na pale barabarani kumebaki maduka ya kahawa na madalali wa nyumba. Nilihesabu madirisha ya madalali nikaacha. Mji wa soko bila soko barabarani.

#19 Karani_wa_Halmashauri
Usitie chumvi. Soko lipo, linafanya kazi, nanunua mayai na jibini pale. Na mleta uzi, uliposema hakuna kiwanda, lile jengo kubwa la matofali mekundu nyuma ya kanisa uliliona? Kilikuwa kiwanda cha korseti, zile nguo za ndani za kubana kiuno, cha Symington, cha 1889. Wanawake wa mji mzima walishona pale, korseti zikauzwa nje ya nchi. Leo mlemle ndani kuna ofisi za halmashauri, maktaba na makumbusho. Ukienda kulalamikia kodi unapanda ngazi za kiwanda cha sidiria.

#20 Mkamba_Northants
Hii sentensi ya mwisho nimeisoma mara mbili.

#21 Pwani_Daraja_II
Nimecheka. Lakini turudi kwenye sura, kwa sababu mimi ndiye ninayeilipia.

Mume wangu ni Mwingereza, tumerithi nyumba ya wazee wake, ipo kwenye orodha ya majengo ya urithi, Daraja la II. Ghorofa moja, ukuta wa mawe, madirisha ya mbao yale ya kusukuma juu na kushusha, ndani ya fremu kuna kamba na chuma cha uzito. Mwaka jana dirisha la chumba cha kulala likawa haliinuki. Fundi akaja, akachomeka bisibisi kwenye kizingiti cha chini, ikazama yote kama kwenye muhogo uliochemka. Mbao imeoza. Nikamwambia weka la plastiki, vioo viwili, nyumba ipate joto. Akanitazama. Akasema mama, ukiweka plastiki hapa utashtakiwa.

Kweli kabisa. Kubadilisha jengo la orodha bila ridhaa ya halmashauri ni kosa la jinai, siyo faini ya kuegesha gari. Na ukinunua nyumba ambayo mwenye nyumba wa zamani alichakachua, halmashauri inaweza kukuamuru wewe uliyepo urudishe kama ilivyokuwa. Tukaandika, tukachora, tukasubiri. Fundi wa mbao anayejua kazi hiyo ana foleni ya miezi. Akakata sehemu iliyooza, akaunga mbao mpya kwenye ya zamani, akafunga kamba mpya. Kazi safi, nakiri, ukilisukuma sasa linapanda kwa kidole. Lakini bei ya dirisha moja ningeweka madirisha ya plastiki nyumba nzima, na juu yake asilimia 20 ya VAT. Anayejenga nyumba mpya yeye VAT halipi!

Kwetu Unguja Mji Mkongwe tunalalamika hivyohivyo, mwenye nyumba hana hela ya chokaa na milango haiguswi. Ila kule nyumba inaanguka, huku nyumba inapanda bei. Hilo ndilo sijalielewa mpaka leo.

#22 Mpima_Ramani
Inapanda kwa sababu idadi yake imefungwa. Hakuna anayeweza kujenga nyingine ya 1780. Umenisaidia hoja yangu dada.

#23 Pwani_Daraja_II
Sijakusaidia. Kama ni uhaba tu, mbona ile ya Unguja nayo haijengwi nyingine ya 1780?

#24 Mpima_Ramani
...nitarudi.

#25 Mhasibu_Baridi
Nimesoma kurasa zote. Wote mnazungumzia mji, hakuna anayezungumzia fedha. Ngoja.

Kwa takwimu za taifa, England nzima nyumba ya kati mwaka 1997 ilikuwa kama mara tatu na nusu ya mshahara wa mwaka. Mwaka 2024 ilikuwa mara 7.7. Hiyo ni Harborough, ni Corby, ni kila mahali kwa wastani. Mnara wa kanisa haukurefuka kati ya miaka hiyo.

Kilichobadilika ni bei ya kukopa. Riba ya Benki Kuu ilishuka hadi asilimia 0.1 Machi 2020. Riba ikiwa chini, benki inakukopesha zaidi, na jirani yako pia, mnapigania nyumba ileile. Julai mwaka uleule serikali ikasamehe ushuru wa stempu, ule anaolipa mnunuzi wa nyumba, kwa nyumba hadi pauni 500,000, watu wakatoka London wamefungiwa na korona wanatafuta bustani. Vimji vya soko vyenye treni vikapata mafuriko. Kisha Agosti 2023 riba ikawa asilimia 5.25 na wote wakalia.

Sasa nesi, hesabu yako. 335,000, ukiweka dipoziti ya asilimia 10 ni 33,500. Unabaki kukopa 301,500. Benki nyingi zinaishia karibu mara nne na nusu ya kipato chenu. Mnahitaji kipato cha wawili cha 67,000 kwa mwaka. Mnacho? Usinijibu hapa.

#26 Nesi_wa_Zamu
Sijibu hapa 😅 ila na zamu za usiku, tunagusagusa.

#27 Mtoto_wa_Kanso
Mhasibu umesema vizuri ila umeruka kitu kikubwa. Mimi nimekulia nyumba ya halmashauri, mama alikuja na sisi kutoka Burundi tukapewa. Sheria ya 1980 iliwapa wapangaji haki ya kununua nyumba za halmashauri kwa punguzo. England zimeuzwa karibu milioni 2. Zilizojengwa badala yake ni chache mno. Zamani nesi na dereva wa basi, watu kama mleta uzi kabisa, hawakuwa na sababu ya kupigana na mtu wa London, walipanga kwa halmashauri kwa kodi ya maana wakazeeka humo. Leo wanasukumwa wote soko moja. Na ile nyumba pacha ya baada ya vita aliyoiona, naweka dau, ilikuwa ya halmashauri.

#28 Nesi_wa_Zamu
@Mtoto_wa_Kanso jamani! Dalali alisema "imejengwa imara, ilikuwa ya halmashauri zamani". Nilifikiri ni kasoro wanaisema kwa adabu.

#29 Mtoto_wa_Kanso
Siyo kasoro. Vyumba vikubwa, bustani ndefu, kuta nene kuliko za hizo mpya. Kuna mtu aliinunua kwa punguzo, akauza, akauza, na leo nesi anaambiwa 335,000. Huyo wa kwanza alikuwa mpangaji, labda dereva wa basi.

#30 Mkamba_Northants
Mnataka sura ya mji? Mimi niwape sura. Niliingia baa moja Harborough na rafiki, mchana wa Jumapili, mtu mweusi pekee mle ndani nilikuwa mimi. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, unatoka wapi kijana? Nikamwambia Northampton. Akanipa pole.

#31 Chuma_cha_Corby
😂😂😂 Angesema Corby angenunuliwa hata chakula.

#32 Mwana_wa_Jinja
Watu wa pale si wabaya. Lakini bei nayo ni ukuta. Hakuna bango la kumzuia mtu, kuna tarakimu kwenye dirisha la dalali. Miaka ile sisi Leicester tulisomewa tangazo, leo hakuna haja ya kununua nafasi gazetini.

#33 Karani_wa_Halmashauri
Mzee, hilo ni zito na sitalipinga lote. Ila niseme upande wa pili, kwa sababu nakaa kwenye mikutano hiyo. Wanaokuja kupinga nyumba mpya siyo wote matajiri. Wengine ni watu ambao daktari wa mji wanamsubiri wiki, barabara ya shule imejaa, mto Welland ukifura wanaweka mifuko ya mchanga mlangoni. Wanaambiwa mjenzi atachangia shule na zahanati kupitia mkataba wa kibali. Nyumba zinakuja kwanza, zahanati inakuja baadaye, au haiji.

Halafu mkumbuke halmashauri haina neno la mwisho. Gereza jipya karibu na lile la zamani la Gartree, pale pembeni ya mji, halmashauri ilikataa, ikakatwa rufaa, 2023 serikali kuu ikaruhusu.

#34 Bwana_Reli
Gereza jipya! Basi nesi subiri, bei itashuka.

#35 Karani_wa_Halmashauri
Gartree yenyewe iko pale tangu miaka ya 1960, na bei haijawahi kulijua gereza.

#36 Pwani_Daraja_II
Mimi naongeza moja la sura, siyo la bei. Pasaka Jumatatu mpelekeni mtoto Hallaton, kijiji jirani ya Harborough. Kwanza kuna mkate wa nyama unaobarikiwa kanisani, unakatwa na kurushwa kwa watu. Kisha wanatoa vipipa vitatu vidogo vya mbao, viwili vina bia, wanaviita chupa. Hallaton wanavutana na Medbourne, kijiji cha pili, kila upande unataka kuvuka kijito chake na kipipa. Kanuni hakuna karibu kabisa. Niliona rundo la wanaume limelala shambani, mvuke unatoka juu yao, hujui kipipa kiko wapi, kisha rundo lote linahama hatua mbili, linalala tena. Mwenye duka la mjini, mhasibu, mkulima, wote matope mpaka masikioni. Hiyo haina dalali.

#37 Mkamba_Northants
Haina dalali bado. Subiri ukute tangazo: "vyumba vitatu, karibu na vipipa".

#38 Mhasibu_Baridi
Nesi nina swali la muhimu, ujibu hapa hili. Wewe na baba watoto mna nyumba yoyote Tanzania?

#39 Nesi_wa_Zamu
Tumejenga Kibaha, ndiyo. Mama mkwe anakaa. Kuna na kiwanja Bagamoyo kitupu. Kwani inahusiana nini?

#40 Mhasibu_Baridi
Inahusiana sana, na wengi wetu hapa hili linatupiga.

Mnunuzi wa kwanza England hatozwi ushuru wa stempu mpaka 300,000. Kwa nyumba yako angelipa asilimia 5 ya zile 35,000 za juu, yaani 1,750. Lakini "mnunuzi wa kwanza" maana yake hajawahi kumiliki nyumba ya kuishi popote duniani. Kibaha ni duniani.

Kwa hiyo unalipa kawaida: sifuri hadi 125,000, asilimia 2 hadi 250,000, asilimia 5 juu yake. Hiyo ni 6,750. Na ikiwa nyumba ya Kibaha thamani yake ni pauni 40,000 au zaidi, hii ya Harborough inahesabika ya pili, inaongezwa asilimia 5 ya bei yote, 16,750. Jumla 23,500. Kiwanja kitupu hakihesabiki, hakina nyumba.

#41 Nesi_wa_Zamu
Mungu wangu. Ishirini na tatu elfu?

#42 Mtoto_wa_Kanso
Hati ya Kibaha ina jina la nani?

#43 Nesi_wa_Zamu
La baba watoto peke yake. Mimi simo.

#44 Bwana_Reli
Basi nunua wewe peke yako kwa jina lako, kwisha habari.

#45 Mhasibu_Baridi
Bwana Reli rudi kwenye treni. Wanandoa wanaoishi pamoja wanahesabiwa pamoja kwenye ile nyongeza, hata kama ananunua mmoja. Na mkopo wa 301,500 kwa mshahara wa nesi mmoja benki gani itautoa? Kitu cha kwanza ni kupata tathmini ya Kibaha iliyoandikwa, ya mthamini aliyesajiliwa. Nyumba ya Kibaha inaweza kabisa kuwa chini ya 40,000, hapo nyongeza inaondoka, unabaki na 6,750. Ongea na wakili kabla hujatoa ofa. Na ofa yenyewe England haimfungi muuzaji mpaka mbadilishane mikataba, anaweza kukuacha njiani akachukua wa juu zaidi. Usitangulize gharama zote.

#46 Chuma_cha_Corby
Corby ushuru huohuo lakini bei iko chini, hesabu mwenyewe. Karibu sana. Tuna hata duka la vyakula vya Kiskoti.

#47 Mpima_Ramani
Nimerudi. Kuhusu Unguja #23: kule hakuna benki ya kumkopesha anayeitaka hiyo nyumba miaka 25. Uhaba bila mkopo haupandishi bei. Kwa hiyo mimi na Mhasibu tuko pamoja.

#48 Pwani_Daraja_II
Na mahoteli ya pale Shangani yalinunuliwa na hewa?

#49 Nesi_wa_Zamu
Wakuu nashukuru sana. Nimempigia mama mkwe Kibaha atafute mthamini, ameniuliza kwani tunauza nyumba yake. Jumamosi tunarudi Harborough kuona nyingine, ya mstari, karibu na ule mfereji, 289,000. @Karani_wa_Halmashauri, mafuriko ya Welland yanafika upande ule?

#50 Karani_wa_Halmashauri
Inategemea mtaa. Nitumie jina la barabara inbox, nikuangalizie kwenye ramani ya mafuriko.